Ukishameza, Sema Neno

Siku yangu ya kwanza katika kituo kile cha Westlands, nyuma ya majengo ya maofisi, Matron alinipa katoni ya sindano mpya akaniambia nikawagawie wanaojidunga heroini. Nilidhani ananijaribu. Mimi muuguzi wa wodi, sindano nilizozoea kuzifungia kabatini na ufunguo kuutia mfukoni, leo naambiwa nizigawe kama njugu!

"Matron, si hii ni kuwasaidia kujiua?"

"Watajidunga na yako ama na ya mwenzao," akasema. "Na ya mwenzao iko na damu. Wewe chagua."

Nikachagua, lakini kichwa hakikutulia. Nyinyi wauguzi vijana mnafundishwa haya darasani; sisi tulifundishwa uchochoroni. Damu kidogo hubaki ndani ya bomba la sindano hata ukilisuuza, na virusi vya Ukimwi hubaki nayo. Kwa hivyo kila mtu na sindano yake, na iliyotumika inarudi kwenye boksi gumu la njano. Kusema ni rahisi.

Walikuwepo mume na mke, Musyoka na Mwende, waliokuwa wakiosha magari kule Spring Valley. Nilimpima kila mmoja peke yake, kama kanuni inavyotaka. Kipimo cha Mwende kilitoa mstari mmoja, yaani hana virusi. Cha Musyoka kilitoa miwili. Akaanza ARV, dawa za kufubaza virusi, akawa anazimeza siku akikumbuka. Mwende hakujua lolote, na walikuwa wakitumia sindano moja.

"Mwende, kila mtu yake," nilimwambia nikimpa zake.

Akacheka. "Ah, sista! Mimi na Musyoka ni kitu moja. Nikikataa yake ataona namshuku."

Siri ya mgonjwa haitoki mdomoni mwa muuguzi. Nikamfuata Musyoka, nikamsihi amwambie mkewe.

"Nitamwambia, sista. Lakini si leo. Ataniacha."

Nikaenda kwa Daktari Msimamizi. "Daktari, huyu mama ataambukizwa tukiangalia!"

"Ukitoboa siri ya mmoja, kesho hakuna mwingine atakubali kupimwa," akasema.

Alikuwa na haki. Na mimi nilikuwa na haki. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa. Nilimkasirikia Musyoka, nikamhurumia, nikamkasirikia tena, yote kabla ya chai ya saa nne.

Baadaye nilihamishiwa kliniki ya methadoni upande wa Ngong Road, karibu na Adams Arcade. Methadoni ni dawa ya maji inayotuliza arosto, yale mateso ya kukosa heroini, ili mtu asihitaji kujidunga. Hunywewa dirishani, muuguzi akitazama. Wapo wajanja wa kuificha shavuni wakaiuze nje, kwa hivyo ukishameza lazima uongee. "Sema neno," nilikuwa nikiwaambia. Wengi walitaja majina yao. Mzee mmoja alikuwa akiitukana serikali, na nilimruhusu.

Musyoka na Mwende nao wakajiunga. Hofu yangu haikuisha, maana kitanda chao kilikuwa kimoja, na mtu huteleza akarudia sindano. Asubuhi moja Musyoka alikunywa, Mwende akiwa nyuma yake kwenye foleni.

"Sema neno."

Kimya. Nikadhani ameificha dawa shavuni.

"Musyoka, ongea ama nimwite Daktari!"

Akageuka nyuma. "Mwende, niko na virusi. Toka kitambo. Niliogopa kukuambia."

Mwende akasogea dirishani, akachukua kikombe chake, akanywa. Mimi nilisahau hata kumwambia aongee.

"Nipime, sista," akasema.

Mstari ulikuwa mmoja. Tukamwanzishia vidonge vya kinga vya kila siku, na kipimo tukawa tunakirudia. Alimwacha Musyoka, akamrudia, wakagombana pale getini hadi askari akawatenganisha. Nani angewaelewa?

Sasa nimestaafu, na wauguzi wachanga huniuliza ni nini kilichomwokoa yule mama. Sijui. Pengine ni zile sindano alizozichekea, pengine alizitumia kisiri bila kumwambia mumewe. Pengine ni bahati tu. Kama tulifanya vyema kunyamaza, hilo pia sijui, na nimeacha kujifanya ninajua.

Siku yangu ya mwisho dirishani, Mwende alikunywa, akafuta mdomo. Sikumwambia aseme neno. Akaniinamia pale dirishani.

"Bado mstari mmoja, sista," akasema.