Chandarua cha Mashine ya Nje

Eisii ya gesti moja pale Nyegezi, kando ya ziwa, ilikuwa inajizima kila mchana jua likikaza. Mama mwenye gesti akaniita mimi fundi wa viyoyozi, akasema sensa ya joto ya mashine ya nje imekufa. Nikazima swichi kubwa, nikamwambia dada wa mapokezi, "Usiguse, mkono wangu uko ndani." Nikaichovya sensa kwenye kikombe cha maji ya moto, nikaipima kwa mita: nzima kabisa. Ugonjwa ulikuwa ni chandarua ambacho mama aliivisha mashine kuzuia wadudu wa ziwani. Walijazana humo mpaka ikakosa hewa.

Nikiwa nairudisha sensa, nikamsikia mama: "Nani kazima umeme? Wageni wanakufa na joto!"

"Fundi, mama," dada akajibu, akaishia hapo hapo.

Mama akawasha. Umeme ukanirusha chini.

Vidole viwili havikunjiki mpaka leo. Nawataja walionifanyia hivi: mama aliyewasha bila kuuliza, na dada aliyejua akanyamaza. Lakini siamini bado nilichokisikia nilipofumbua macho. Mama alikuwa ameniinamia, ananiuliza, "Fundi, kwa hiyo imepona?"