Redio ya Mzee Kioko na Mlango wa Kizimba

"Injinia, mkipandisha stima huko ndani, mbona redio yangu inalia?"

Niliulizwa swali hilo getini, siku yangu ya kwanza kazini katika maabara ya volteji kubwa pale Athi River. Aliyeuliza alikuwa Mzee Kioko, askari wa zamu ya mchana. Nilikuwa na digrii ya umeme na viatu vipya. Nilimwambia nitamjibu jioni. Jioni ilifika, nikapitia upande mwingine wa geti.

Ninawaandikia ninyi mnaoingia maabara sasa, na sitajifanya nimetulia. Niliacha kazi nikiwa na miaka thelathini na miwili. Wenzangu wanasema nilijiuzulu. Mimi nasema nilistaafu, maana sirudi.

Tulipima vikombe vya kauri, vile vinavyoshika waya juu ya nguzo. Kikombe chenye ufa hutoa cheche ndogo sana, jicho halizioni, na kila cheche hurusha mawimbi ya redio. Basi tulipandisha volteji polepole huku kipokezi kikisikiliza. Kikombe kizima kinanyamaza, kibovu kinakwaruza. Ili mashine za kuchomelea za karakana jirani zisituchanganye, tulifanyia kazi ndani ya chumba kilichozungushiwa wavu wa shaba, tulichokiita kizimba. Kabla ya kila jaribio tuliandika kiasi cha kelele kabla ya kuweka volteji. Hiyo ndiyo kelele ya msingi. Ikiwa kubwa, majibu yote hayafai.

Wiki yangu ya pili nilikuta kwenye droo vibamba vya shaba, vyembamba kama meno ya kitana, vimefungwa kwa mpira. Nikamuuliza Injinia Mkuu ni vya nini.

"Vya ukingo wa mlango wa kizimba," alisema. "Vilikuwa vinaubana sana. Nani ana nguvu ya kusukumana na mlango siku nzima?"

Nilicheka. Andikeni hilo pia: nilicheka.

Mwaka wangu wa tatu karakana jirani iliongeza mashine, na kelele ya msingi ikapanda. Wakaguzi wa mteja walikuwa wanakuja wiki hiyo. Injinia Mkuu akazunguka uwanja mzima, akarudi na redio ndogo mkononi. Nyuma yake alikuja Mzee Kioko, ambaye alikuwa amebakiza mwaka mmoja tu astaafu kwa heshima.

"Adui nimemshika," Injinia Mkuu akasema, kisha akanigeukia. "Wewe wa chuo. Redio inaweza kutoa mawimbi?"

Jibu la kitabu ni kwamba redio nyingi zikiwashwa huvujisha mawimbi kidogo. Yangekuwa mzaha kulinganisha na mashine za kuchomelea.

"Inaweza, kidogo sana, lakini..."

"Mmesikia. Inaweza."

"Mzee, kumbe ulikuwa unatangaza bila leseni?" fundi mmoja akamtania, na watu wakacheka.

Mzee Kioko alivua kofia. "Bosi, hata hiyo redio..."

"Haya ni mambo ya waliosoma, mzee. Enda ofisini, barua yako iko tayari."

Alienda. Mimi nilisimama pale na digrii yangu.

Kesho yake kelele ilikuwa palepale. Ndipo nilipolikumbuka swali la getini, nikaona aibu. Niliazima redio ya mama wa kantini, nikasimama getini wakati fundi anapandisha volteji. Ikalia kwa mikwaruzo. Kama mawimbi yetu yalifika getini, basi kizimba kilikuwa kinavuja, na panapotoka kelele ndipo panapoingia. Mzee alikuwa ametupa jibu siku yangu ya kwanza, likiwa ndani ya swali lake.

Tulirudisha vibamba kwenye ukingo wa mlango, vikaziba mwanya. Mlango ukawa mgumu. Kelele ya msingi ikashuka, na redio ya kantini ikaimba vizuri getini. Nikampelekea Injinia Mkuu vipimo vyote viwili, vya kabla na vya baada.

"Kelele imeisha?"

"Imeisha. Sasa Mzee Kioko arudishwe."

"Tukimrudisha tutasema nini? Kwamba tulikosea?"

"Ndiyo."

"Wewe bado mtoto," alisema. Katika ripoti aliandika kwamba chanzo cha kelele kimeondolewa. Wakaguzi walisaini, wakanywa chai.

Mtasema ningeacha kazi siku hiyo. Nilikaa miaka mingine mitatu. Nilijiambia vikombe vinanihitaji. Hasira niliyo nayo, nusu ni ya Injinia Mkuu. Nusu nyingine naijua mwenyewe. Ukifundishwa kwamba jibu la kweli lina sehemu mbili, ukaachia ya kwanza tu itumike, umesema uongo kwa kutumia fizikia.

Baada ya kuacha kazi nilimtafuta Mzee Kioko kwao Masii, siku ya soko. Alikuwa anauza mbaazi. Alinitambua kabla sijamsalimu.

"Injinia, umeleta jibu?"

Nilichuchumaa kando ya gunia nikamweleza yote: cheche, mlango, vibamba. Alisikiliza akipepeta mbaazi.

"Kwa hivyo redio yangu haikuwa mbaya."

"Hapana, mzee. Ni sisi." Kisha nikamuuliza, "Siku ile bosi alikukata maneno. Ulitaka kusema nini?"

"Ah, mwiitu, binti yangu. Nilitaka kusema hata hiyo redio haikuwa na betri. Tochi ya kampuni ilikuwa imekufa, na mwenzangu wa usiku anazunguka gizani. Betri zangu nilikuwa nimempea wiki nzima."