Baba Yake Bibi Alipigana Burma

Nilikuwa mwaka wa nne nafundisha historia katika sekondari ya Mwisenge. Siku moja kidato cha tatu walikuwa wananakili kimya sababu za Vita vya Pili vya Dunia, msichana mmoja wa kijiji cha Murangi akanyoosha mkono.

“Mwalimu, Burma iko wapi? Bibi anasema baba yake alipigana huko.”

Nilimwonyesha kwenye ramani, nikamwambia amwombe bibi aje atusimulie. Wiki iliyofuata bibi alifika na kitenge chake cha kanisani. Darasa zima likasimama kumwamkia.

“Baba alikuwaga mvuvi,” alianza. “Chifu alimtaja, akachukuliwa jeshini. Mimi nilizaliwa alipokwisha kurudi. Mvua kubwa ikinyesha, alikuwa anavua viatu na kukagua miguu yake, kidole kwa kidole. Halafu anatukagua na sisi watoto. Alisema kule matope yaliozesha miguu ya wenzake.”

Kijana mmoja akauliza, “Bibi, alijua anapigania nini?”

“Nilimuuliza. Alisema waliambiwa habari za mfalme, lakini yeye alipigania kurudi nyumbani.”

Kengele ya mapumziko ililia na hakuna aliyeinuka. Maswali yaliendelea mpaka bibi akaomba maji.

Tangu hapo, kabla ya kuandika chochote ubaoni, nawatuma wanafunzi wakaulize wazee wao. Tarehe zinazoulizwa kwenye mtihani nazifundisha baadaye, na hawazisahau.