Aliyenishika Miguu Kisimani

Nakumbuka nikiwa kichwa chini, miguu juu, ndani ya kisima cha mchangani karibu na Dutwa, nasikia maji yakiondoka. Yalifanya fyooo, kama mzee anavyomalizia uji. Juu, kina mama wamefika na ndoo. Mmoja akauliza, "Maji yako wapi?" Kulwa, mtoto wa baba mkubwa, aliyekuwa amenishika miguu, akajibu, "Muulizeni huyo aliye ndani!" Akaniachia, akakimbia. Nikazama kwenye tope mpaka kifuani. Walinichomoa kama muhogo.

Sikusoma sana, darasa la nne tu, lakini maji ya chini nayajua kwa pua.

Enzi zetu mto ulikauka juu tu. Pamba ikishavunwa, mchanga unawaka mpaka mtu anatembea kwa visigino, lakini ukichimba urefu wa mtu mzima unakuta ubaridi. Mvua ya masika ilikuwa imejificha humo, inapenya kati ya punje, inateremka polepole na bonde. Unachota kata tatu, kisima kinakauka, unakaa. Maji yanajikusanya tena kutoka pembeni. Tulisubiri tukitafuna michembe, viazi vikavu vigumu kama soli ya kiatu, tunashindana nani atavunja jino. Mimi nilishinda mara mbili.

Mayu, mama yangu, alituonya kila siku: "Mkifika kwenye udongo wa kunata, acheni! Hapo ndipo maji yamelala."

Sasa Kulwa alikuwa amepelekwa Nassa mara moja, akaliona ziwa. Akarudi profesa. "Dada," akaniambia, "ziwa limepita huku chini. Huo udongo ni mfuniko tu. Toboa, maji yataruka mpaka kwenye mbuyu!"

"Na Mayu?"

"Mayu ameshawahi kufika Nassa?"

Hajawahi. Basi mimi mwembamba nikaingizwa kichwa kwanza na jembe la palizi. Nikatoboa. Kumbe haukuwa mfuniko, ulikuwa kitako cha sufuria! Chini yake kokoto kavu zenye kiu, zikanywa kila kitu. Kijiji kizima kikahamia kisima cha mbali, na mimi nikachapwa na watu ambao hata hatukuwa ndugu. Siku ya kuposwa, mjomba wa bwana harusi aliuliza kwanza, "Ndiye yule aliyetoboa?"

Watoto wa leo wanafungua bomba, likikohoa wanalipiga picha. Hawajui maji yanatoka wapi wala yanapumzikia wapi. Ila sisi tulilala chali kwenye ule mchanga, mgongo umepoa, tukisikiliza kisima kikijaa, na sijawahi kupata tena usingizi wa namna ile.

Sasa Kulwa ni mjumbe wa kamati ya maji, kalamu mbili mfukoni. Mkutano uliopita aliwafundisha vijana vizuri kabisa: maji hupenya mchanga, hukomea kwenye mfinyanzi, usitoboe. Kisha akaongeza, "Zamani kuna mtoto mmoja mjinga alitoboa." Watu wote wakanigeukia wakicheka. Wajukuu zangu pia.

Kaka Kulwa, nimekuvumilia mpaka nimeota mvi. Mkutano ujao nitakaa mbele kabisa. Kabla hujafungua lile daftari lako, simama mbele ya wajukuu zangu ujibu: nani alisema "toboa"?