Ice cream ya Kijapani nusura imwaibishe dada yangu kwenye harusi ya Kariakoo

Laki nne na elfu ishirini.

Nimeitaja mapema ili mtu asije kuniuliza katikati ya uzi. Nimeihesabu mara mbili, na mara zote mbili imeniuma pale pale.

Wakuu, salaam kwenu, mlioko dukani na mlioko kwenye foleni. Haya yamenitokea mimi mwenyewe, si "kuna jamaa yangu mmoja". Anayetafuta chai, mama ntilie yuko kona ile.

Kazi yangu ni vipuri vya magari, Gerezani hapa Dar. Used za Japan: engine, gearbox, taa. Safari hii mwenzangu ninayeagiza naye alinivuta twende wenyewe tukachague mzigo kwenye yard, mji mmoja mdogo nje ya Nagoya. Habari za mzigo tuziache. Leo naongelea ice cream.

Msicheke.

Nimekula ice cream Dubai, ile ya zafarani inayokaba koo kwa utamu. Nimekula Guangzhou. Za hapa Bongo nimekulia, kuanzia koni ya mashine mpaka barafu ya ukwaju unayong'ata kona ya mfuko. Kote huko sheria ni moja: sukari nyingi ndiyo nzuri. Ikikuachia kiu, basi nzuri zaidi.

Wajapani wana sheria yao.

Ya kwao unasikia maziwa kwanza. Sukari inakuja nyuma, kwa adabu, kama mtu aliyechelewa msibani. Kuna ya ufuta mweusi, rangi kama lami, inanukia ufuta uliokaangwa sasa hivi. Kuna ya viazi vitamu vya zambarau. Kuna iliyofungwa ndani ya donge la unga wa mchele wa kunata, laini kama ndewe ya sikio, unaishika kwa mkono na huchafuki. Halafu kila kitu kidogo. Kikombe unakimaliza wakati bado unajipanga kukianza.

Iliyoniteka mimi ni ya kijani, ya unga wa majani ya chai. Ina uchungu kidogo, lakini uchungu wa kistaarabu.

Niliinunua kwa mama mmoja wa makamo mwenye kibanda nje ya yard. Nikamwonyesha vidole viwili, nikamwandikia hewani bei ya jumla. Akainama. Nikainama. Akainama tena. Nikaona hapa nikiendelea nitaumwa kiuno na bei haijashuka hata shilingi. Nikaomba nyongeza. Akaniongezea kijiko.

Sasa, juu ya kile kikombe alikuwa ameweka maharage mekundu, madogo madogo, yanang'aa.

Maharage, wakuu. Juu ya ice cream.

Nikasema moyoni, huyu kaona mgeni, anamalizia mboga ya mchana. Nikayakwangua yote nikayatia kwenye mfuko wa taka, nikala kilichobaki. Kitamu sana. Kesho yake nikarudi, nikakwangua tena, nikala tena.

Yashikeni hayo maharage, tutayarudia.

Nimerudi Dar na makopo ya ule unga wa kijani kwenye begi. Nyumbani Magomeni nina dada yangu, Dada Mwanaidi, aliyenilea. Anatengeneza barafu na ice cream, anauzia dirishani. Wiki ile alikuwa amepata order kubwa ya kwanza maishani mwake: ice cream ya harusi ya binti wa Bi Swabra.

Bi Swabra na mumewe wana duka la nguo Kariakoo. Ni familia ya Kiarabu, wako hapa tangu enzi za babu zao. Ana mabinti wengine watatu, na mawifi ambao mimi sijawahi kuwamaliza kuwahesabu. Ukimfurahisha Bi Swabra, umepata kazi za ukoo mzima. Ukimwaibisha, mpaka Alasiri habari imeshavuka Magomeni.

Order ilikuwa embe na vanila. Mimi ndiye niliyesema hapana, tuwapige na Kijapani. Unga, krimu na vikombe nikanunua kwa hela yangu. Ndiyo ile laki nne na ushee.

Dada akatengeneza, akaonja, akaweka kijiko chini.

"Haijakolea, Hamisi."

"Ndiyo ya Kijapani hiyo, dada. Ukiongeza sukari umeiharibu."

"Wewe si unauza gearbox?"

"Nimeila kulekule kwao!"

"Na mimi nakula pilau kila Idi. Mbona sina ng'ombe?"

Lakini aliniamini. Hapo ndipo uzito wote ulipo. Aliniamini kwa kuwa mimi ndiye niliyesafiri.

Nikapeleka sampuli dukani kwa Bi Swabra. Nikamkuta amekaa na mgeni wake, wanakunywa kahawa.

"Shikamoo, Bi Swabra."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea nini, mlonge?"

Akaonja. Akaonja tena. Akamgeuzia mgeni wake. "Hii haichoshi, ati. Mwambie Mwanaidi alete hii, hayo maembe wale nyumbani kwao."

Nikatoka pale natembea katikati ya barabara ya Kariakoo kama niliyejengewa mimi.

Siku ya harusi ikafika. Shughuli ya wanawake, mwanaume haingii. Mimi nilikaa nyuma ya ukumbi, kwenye ujia wa jikoni, nalinda makasha ya barafu. Vikombe mia mbili na arobaini. Nilihesabu tukiwa nyumbani, nikahesabu tena pale.

Masinia ya kwanza yakaingia, nusu ya vikombe vyote.

Taarabu ilikuwa inapiga, lakini ujia ule ulikuwa unaleta sauti zote. Kwanza nikasikia vijiko. Halafu nikasikia vijiko vimenyamaza. Halafu mama mmoja, sauti ya kufika hata ng'ambo:

"Jamani, kwani sukari imepanda bei?"

Kicheko.

"Labda wanamtunzia bwana harusi," akajibu mwingine. Kicheko tena.

Masinia yakarudi jikoni, vikombe karibu vyote vimechokonolewa mara moja tu.

Kwa asiye wa pwani nieleze. Harusini kwetu mkono wa mwenyeji unaonekana kwenye kitamu. Nyama ikiwa ngumu utasamehewa, utamsingizia mpishi. Kitamu kikikosa sukari, hapo ni wewe umebana. Umembania mwanao.

Bi Swabra akaja jikoni. Hakupiga kelele, na ndiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Mwanaidi. Watu wanasema nimebana sukari kwenye harusi ya mwanangu."

"Nipe dakika tano, bi mkubwa."

"Dakika tano za nini? Umeniuzia maneno ya mdogo wako."

Akarudi ndani. Mimi nikawa natazama viatu vyangu. Dada alinigeukia, nikajua leo ndiyo leo.

"Siku ile alipoonja dukani," akasema, "alikuwa anakula nini?"

"Hakuwa anakula. Alikuwa anakunywa kahawa."

"Kahawa tupu?"

Nikafikiri. "Na halua. Kulikuwa na kisahani cha halua."

Aliangalia meza ya pembeni. Kulikuwa na masinia matatu ya halua yamefunikwa, yanasubiri kahawa ya mwisho wa shughuli. Akachukua kisu.

"Nawa mikono uje. Kata vipande vidogo. Ukikata vya Gerezani nakufukuza."

Tukakata. Kila kikombe kilichobaki kikapata kipande cha halua juu. Kisha akawaita wasichana wanaogawa. "Mkifika, mwambieni kila mtu halua kwanza, ice cream baadaye. Kama kahawa."

Maneno mawili tu hayo. Kama kahawa. Kuna mtu wa pwani amewahi kulalamika kuwa kahawa ni chungu? Ule uchungu ndio unaoifanya halua iwe halua, na halua ndiyo inayokufanya uvute kikombe cha pili.

Masinia yakaingia. Nikasikia kimya. Halafu vijiko. Halafu vijiko havinyamazi. Halafu yule yule mama wa sukari:

"Wee binti! Huku kwetu hamjafika!"

Wameshafika, wakuu. Alikuwa anataka cha tatu. Mwingine akauliza kama anaweza kukiweka kwenye mkoba ampelekee mwanawe. Ice cream. Kwenye mkoba.

Bi Swabra akarudi jikoni, safari hii ameshika kikombe chake mwenyewe. "Sasa kwa nini hamkuanza hivi?"

Dada akanitazama. Mimi nikaenda kuhesabu makasha. Yalikuwa manne, kama mwanzo.

Usiku ule ndipo nikamwambia dada habari ya maharage ya yule mama wa yard. Akataka tuulize. Nikampigia mwenzangu aliyebaki kule, naye akamuuliza mwenye yard. Jibu: yale maharage yanapikwa na sukari mpaka yanakuwa kama uji mzito, na yanawekwa pale juu kwa sababu chai ni chungu.

Yaani ndiyo halua yao. Mimi nikaitupa. Siku mbili mfululizo. Na ule utamu niliousifu ni wa ile rojo iliyokuwa imeshachuruzikia chini kabla sijaanza kukwangua.

Fundisho nililopata ni la kazini kwangu kabisa. Gerezani mtu akija kanunua engine bila control box yake, ile akili ya umeme inayoiendesha, tunamcheka mpaka anafika stendi ya mwendokasi. Mimi nimevuka bahari nikaleta ice cream bila control box.

Hata hivyo sijutii. Ice cream ya Kijapani ni nzuri kuliko zote nilizowahi kula, na nitabishana na yeyote humu. Ila ukichukua kitu cha watu, chukua na kilichokaa juu yake. Hela yangu dada amesema nisiidai, ameiandika kuwa ada ya shule.

Sasa naomba msaada wenu. Wifi yake Bi Swabra naye anaoza mwanawe mwezi ujao na ameshatoa advance. Halua itakuwepo, lakini dada anataka pia ajaribu ile ya maharage kama wenyewe wanavyofanya. Je, kuna aliyewahi kupika maharage madogo mekundu kwa sukari yakakubali? Choroko zinaweza kufaa? Sokoni niulizie yapi nisiuziwe ya mboga?

Jibuni upesi. Dada ameshasema mtu wa kwanza kuonja ni mimi, atakaa mbele yangu, na kijiko cha kukwangulia hanipi.