Siku Mbili za Kulala

Nilipofika darasa la tano nilijiona najua kila kitu, na ujuzi huo ndio uliotuponza.

Nyanya yangu alibanika samaki wa Ziwa Jipe na kuwauza soko la Taveta. Upande wetu wa ziwa palikuwa na kona ya matete ambamo hakuna mtu aliyethubutu kuvua. Ilisemekana ina mwenyewe, na anayetega pale huvimba tumbo. Mwalimu alikuwa ametuambia mambo hayo ni ujinga, nami nikamwamini bila kutafuna.

Kuna wiki nyanya alirudi kutoka ziwani na karai tupu siku tatu mfululizo. Nilimhurumia sana. Nikachukua chandarua changu cha kulalia, nikaingia kwenye kona ile na binamu yangu Mghoi, tukazoa tilapia hadi karai likajaa.

Nyanya hakufurahi. Alimshika samaki mmoja, akampanua mdomo, vikamwagika vitoto vidogo kama punje za mtama.

"Aliwameza?" niliuliza.

"Aliwaficha. Pale konani ndipo wanapolelea. Ulidhani tunaogopa bure?"

Laiti mambo yangeishia hapo! Lakini nilikuwa nimeshatamba kijiji kizima kwamba nimevua kwa mwenyewe na tumbo langu halina neno. Kesho yake vyandarua vilikuwa vitano. Keshokutwa hata sikuvihesabu.

Nyanya alinikalisha jikoni. Hakunichapa, na afadhali angenichapa.

"Mjukuu wangu, lala kitandani siku mbili tu. Nitawaambia umevimba. Wataogopa, wataacha."

"Lakini nyanya, si huo ni uongo?"

"Ni uongo."

"Basi mimi sidanganyi." Nikavaa sare, nikaenda shule kifua mbele.

Mvua zilizofuata zilikuta kona ile maji matupu. Nyanya akaacha kubanika, akawa anauza samaki wa baharini wanaoletwa kwenye barafu kutoka Mombasa. Hao nao wamezidi kuwa wadogo, na wachuuzi wanasema hata huko pwani watu wanavua kwa vyandarua.

Nyanya alishafariki. Sijilaumu kwa kuvua, nilivua kwa huruma ya kitoto. Najilaumu kwa ile asubuhi, mtu mzima aliyejua ziwa kunishinda alipoacha heshima yake pembeni akaniomba msaada mdogo hivyo, nami nikamwona mjinga.