Kondoo Wasio na Mikia

Kwa miaka kumi na mmoja Mama Sufuria alinunua nyama kwangu tu. Ana mgahawa nyuma ya soko, na jina hilo tulimpa kwa sababu sufuria zake unaweza kumwogeshea mtoto ndani. Kila asubuhi alichukua mapaja mawili ya kondoo na mbavu za upande mmoja. Sikuhitaji kumwita. Mimi si mtu wa maneno; sokoni wananiita Bwana Kimya. Nikimwona anaingia nashusha paja kwenye ndoano, ananiuliza habari za nyumbani, najibu nzuri, basi.

Kisha akaja Kicheko. Akapanga meza iliyotazamana na yangu, hatua nne tu, naye akauza kondoo vilevile. Mdomo wake haukujua kupumzika.

"Karibu mama! Huyu kondoo alikuwa mpole, hata kisu alikipisha njia!"

Watu wanacheka, wanasogea. Mimi nanoa kisu ambacho ni kikali tayari.

Wiki ya tatu Mama Sufuria alinisalimia, akanunua mbavu peke yake, akavuka kwa Kicheko kuchukua mapaja. Kicheko akamwambia jambo ambalo sikulisikia, mama akacheka mpaka akashika meza. Nikaona ana pengo la jino, pembeni, upande wa juu. Miaka kumi na mmoja, na pengo la mteja wangu nikalionea kwa mtu mwingine.

Usingizi ulinipungua. Nikawa nakata mifupa huku natazama ng'ambo. Mke wangu akaniambia, "Baba, utajikata vidole kwa kuangalia meza ya watu." Nikakata mfupa mwingine. Siku ya pili yake ndipo nikaona kwamba kondoo wa Kicheko wamening'inia bila mikia.

Kwetu sokoni mkia haukatwi mpaka nyama ikaribie kwisha. Kondoo ni ghali kuliko mbuzi, na akishachunwa, mnunuzi mgeni hawezi kuwatofautisha. Kwa hiyo mkia ule mnene, wenye mafuta, ndio ushahidi wetu. Anayeukata mapema ana jambo analolificha.

Moyo ulinidunda kwa furaha, sitadanganya. Asubuhi ile Mama Sufuria aliponyosha mikono kupokea mapaja ya Kicheko, sauti ikanitoka ambayo hata mimi sikuijua.

"Mama, usichukue! Huyo ni mbuzi! Mikia iko wapi?"

Soko zima likageuka. Muuza vitunguu akasimama juu ya kreti lake apate kuona vizuri.

Kicheko hakukasirika. Aliinama chini ya meza, akatoa ndoo yenye mikia minne, mizito, myeupe kwa mafuta.

"Hii hapa, kaka. Ina mwenyewe."

"Mwenyewe ni mimi," alisema Mama Sufuria. "Nayeyusha mafuta yake, napikia. Nimeagiza aniwekee kila asubuhi." Akanigeukia. "Wewe nilikuomba mkia mara ngapi? Ukatikisa kichwa tu. Nikadhani unaniona mroho, nataka vya bure."

Nilitaka kumwambia sababu. Nilitaka kusema kwamba nauacha mkia ili yeye na wenzake waniamini. Sentensi moja tu, na sikuwahi kumpa miaka yote hiyo. Tena pale pale nikatazama nyama ya Kicheko kwa mara ya kwanza kama muuza nyama. Mafuta mazito yalikuwa yamefunika mgongo mzima. Mbuzi hana mafuta ya namna ile. Hata aliyeanza kazi jana angeyaona.

"Haya, mwombe radhi mwenzio," alisema Mama Sufuria. "Kwa sauti ileile uliyomtukania."

"Mwache, mama," alisema Kicheko.

"Simwachi. Wateja wamesikia."

Nikavuka zile hatua nne nikiwa na damu mikononi. Nikafungua mdomo, sauti ikatoka nyembamba.

"Nimekosea. Ni kondoo."

"Hatusikii huku!" akapiga kelele muuza vitunguu.

"Ni kondoo!" nikasema tena. Watu wakapiga makofi, wengine wakacheka.

Kicheko akaniwekea mkono begani. "Mnasikia? Fundi wa kondoo wa soko zima ameikagua nyama yangu. Haya, njooni!" Wakaja, wakapanga foleni mpaka mbele ya meza yangu. Hakuwa ananidhihaki. Alikuwa amenisamehe kweli, kirahisi hivyo, na mimi hilo ndilo liliniuma kupita yote.

Mama Sufuria hakununua tena kwangu, hata mbavu. Nilianza kukata mikia nikaipanga mbele, akaitazama, akasema asante, anayo. Kila asubuhi hupita kwangu kwanza, kwa kuwa mlango wa soko uko upande wangu. Huniuliza habari za nyumbani. Najibu nzuri, kisha nafuta meza, ingawa haina damu, mpaka wamalize kucheka kule ng'ambo.